Siku Baba Alipojizuia

Niseme mapema, nisije nikageuza maneno nikifika katikati: habari hii inanitia aibu, na aibu yenyewe si ya baba yangu. Ni yangu mimi. Imenichukua miaka mingi kukubali hivyo.

Baba aliitwa Ambu. Upande wetu huu wa Payyannur, pwani ya Malabar, watu walimwita Ambu Vaidyar, yaani Ambu tabibu. Hakuwa na shahada wala kibao mlangoni. Alifundishwa na mjomba wake, naye mjomba alifundishwa na mjomba wake, kama ilivyo kwetu. Kila asubuhi alikaa barazani kifua wazi, shuka jeupe kiunoni, na wagonjwa wakajipanga kwenye ukingo wa baraza wakisubiri zamu. Mwembamba, mkavu, visigino vimepasuka, maneno mengi. "Mimi ni mtu wa upepo," alikuwa akisema, "hata kipofu anajua." Mama yeye alikuwa mtu wa kohozi, mzito wa kuamka, mzito wa kukasirika, akishapenda haachi. Mimi nilipimwa nikiwa bado nanyonya. Baba alinitazama macho, akanigusa nyayo, akamwambia mama, "Huyu ni nyongo tupu. Huyu atatuchoma."

Hakukosea. Nina hasira za karibu na ulimi wa pilipili, na nimezeeka navyo.

Kwa baba, mwili wa mtu ulikuwa nyumba yenye wapangaji watatu, upepo, nyongo na kohozi, na kazi ya tabibu ni kusikiliza nani kagombana na nani. Lakini katika hao watatu aliyemwogopa ni upepo, kwa sababu alisema hao wenzake hawana miguu, upepo ndio unaowabeba. Alikuwa akiweka kiganja chini ya kitovu cha mgonjwa na kumwambia, "Hapa anakaa upepo wa kushuka. Kazi yake ni moja tu, kushusha. Anashusha mkojo, anashusha choo, anamshusha mtoto siku ya kuzaliwa. Mfungulie mlango, anapita zake. Mfungie, anarudi juu, na akirudi juu hana adabu."

Ndipo alipotoa vidole na kuhesabu mambo kumi na matatu ambayo mtu haruhusiwi kuyazuia. Upepo wenyewe, choo, mkojo, chafya, kiu, njaa, usingizi, kikohozi, kuhema baada ya kazi, miayo, machozi, kutapika, na lile la mwisho ambalo mbele ya watoto aliliita "lile la mke na mume". Alimhesabia kila mtu, awe bibi kizee, awe polisi. Mimi niliyajua kabla sijajua kuhesabu hadi ishirini.

Angekuwa anafundisha tu, nisingekuwa na neno. Tatizo la baba ni kwamba aliishi kama alivyofundisha. Upepo ukimjia kwenye kikao cha hekalu aliuachia kikaoni, katikati ya sentensi, hatabasamu wala haombi radhi, anaendelea kuzungumzia paa linalovuja kama mtu aliyefukuza nzi. Alipiga miayo mbele ya wakubwa. Mkojo ukimbana arusini alisimama mbele ya bwana arusi akasema, "Nakuja," na kila mtu akajua anakwenda wapi. Barazani sauti yake ilifika barabarani. Mwalimu wangu wa hesabu alikuja siku moja na tumbo lake, na baba akamuuliza mbele yangu, "Mwalimu, choo chako kinaelea au kinazama?" Kesho yake darasani sikuweza kumtazama. Yeye pia hakunitazama, na mtihani ule nilifeli.

Nilipoanza kufuma nguo kwenye chama cha ushirika mambo yalizidi. Wanawake wa mitambo ya jirani hawakuwa na huruma. Nalini ndiye kiongozi wao.

"Vanaja, hali ya hewa ikoje kwenu leo?"

"Muulize mama yako," namjibu.

"Mama anasema jana kulivuma, nguo zake zilikauka mapema."

Wanacheka mpaka nyuzi zinakatika. Nami nacheka kidogo, maana usipocheka ndio umekwisha. Lakini jioni nikirudi nyumbani namkuta yule mzee na kifua chake wazi, nasikia joto linanipanda shingoni. Nilimwonea haya baba yangu. Ndiyo nimesema.

Nikafika miaka ishirini na saba sijaolewa, na wa kulaumiwa nilimjua. Posa ya kwanza, wageni wamekaa, chai imemiminwa, baba anaeleza mchele wa mwaka ule, akauachia. Mama wa kijana akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kimesema kitu. Hawakurudi. Posa ya pili, baba alijitahidi upande wa upepo lakini akamwinamia kijana mwenyewe akamwambia, "Mwanangu, macho yamekuvimba, unazuia usingizi. Na choo una siku ya tatu hujapata." Ilikuwa kweli, kijana aligeuka mwekundu masikio yote mawili. Nao hawakurudi.

Ya tatu ilikuwa ya Dineshan, na hapo ndipo shida. Wale wawili wa kwanza sikuwajua, waliokwenda na waende. Dineshan nilimjua. Alikuwa karani wa posta, akileta barua za ushirika kwa baiskeli, na kila mara alipata sababu ya kupita karibu na mtambo wangu kuuliza kama ile rangi ya bluu ni ile ile ya juzi. Nilimtaka. Sikumwambia mtu, lakini nilimtaka kiasi kwamba nilikuwa nafuma vibaya. Na aliyemlea Dineshan ni mjomba wake Karunan, mwalimu mkuu mstaafu, mtu ambaye hadi watu wazima waliosoma kwake walikuwa wanaficha sigara zao za beedi wakimwona njiani. Mjomba akikataa, Dineshan hana la kusema. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta baba anasaga dawa. Nilikuwa nimepanga maneno ya upole. Hayakutoka.

"Baba, umeniaibisha mara mbili."

Akaacha kusaga. "Mimi?"

"Wewe. Ushirika mzima wananicheka. Leo ukiniaibisha tena, baba, mimi na wewe basi. Sitakuita baba tena."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Aliniangalia kama anavyomwangalia mgonjwa, akauliza polepole, "Unataka nifanye nini, mwanangu?"

"Ujizuie."

"Upepo?"

"Upepo, chafya, miayo, mkojo, vyote. Vyote kumi na vitatu. Ukae kama watu wanavyokaa."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka waondoke."

Alikuwa na miaka sitini na sita. Kwa umri ule alikuwa hamalizi nusu saa hajazunguka nyuma ya nyumba, na mimi nilijua, maana njia yenyewe inapita nje ya jikoni. Akafuta mikono kwenye kitambaa. "Haya," akasema. "Kwa siku moja mwili utanisamehe." Kisha akaendelea kusaga.

Walifika saa nane mchana, watu watano kwenye gari la kukodi. Mvua za mwisho zilikuwa hazijakwisha. Mjomba Karunan alitangulia na mwavuli mweusi, shati limepigwa pasi hadi lingeweza kusimama peke yake. Baba naye alivaa shati. Jamani, shati, na vifungo vyote amefunga.

Nilitoka na trei kama inavyopasa, macho chini, nikawawekea chai, ndizi za kukaanga na vitamu vya laddu. Dineshan alisema "asante" ambayo hakutakiwa kuisema. Nikarudi ndani nikasimama na mama nyuma ya dirisha la mbao, pale tunapoona bila kuonekana.

Mjomba Karunan alianza na nidhamu. Akaenda kwenye shule alizozisimamia, akaeleza jinsi ambavyo katika miaka thelathini na minne hakukosa kazini siku moja. Baba akaitikia. Mama akapeleka chai ya pili. Kisha yale maji ya moto ya jira, bilauri kwa bilauri, maana mgeni hakatai na mwenyeji hamwachi mgeni anywe peke yake. Mara nikaona pua ya baba inatanuka. Akaibana kwa vidole viwili, mabega yakaruka, machozi yakamjaa machoni, akameza.

Mama akanigeukia. "Baba yako amezuia chafya." Alisema kama mtu anayesema baba yako ameuza nyumba.

"Nimemwomba."

"Umemwomba nini?"

"Ajizuie."

"Ajizuie nini, Vanaja?"

"Vyote."

Mama akarudisha macho dirishani.

Saa nzima ikapita, ikaja ya pili. Mvua ikaanza upya, na sauti ya maji yakitiririka kutoka kwenye paa ilikuwa haina huruma, sasa najua. Choo chetu kilikuwa nyuma, ng'ambo ya kisima. Kwenda huko lazima uinuke mbele ya wote, uchukue mwavuli ukutani, ushuke ngazi. Na kwetu wageni wa posa wakiwa wamekaa mwenyeji hainuki, wala mgeni haulizii choo kwenye nyumba aliyokuja kuomba binti. Watu wote wanalijua hilo isipokuwa baba, na siku hiyo hata baba alilijua. Niliona vidole vyake vya miguu vimejikunja vinashika sakafu. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kiti. Jibu lake lilikuwa "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu, mtu ambaye kwa kawaida hukosi kumkatiza ili upate nafasi ya kusema.

Halafu akageuza uso kwenye dirisha letu.

Hakuna aliyeona ila mama na mimi. Alikuwa hanioni vizuri, lakini alijua nipo. Nyusi zake ziliinuka kidogo, akauliza kwa uso wake wote. Baba yangu, aliyeniosha nikiwa mchanga, aliyenipaka mafuta mwili mzima kila Ijumaa ya utoto wangu, aliniomba ruhusa ya kwenda kukojoa.

Nikatikisa kichwa.

Akageuka mbele akamwambia Mjomba Karunan, "Ndiyo, ndiyo, nidhamu."

Walikaa dakika arobaini nyingine. Mwishowe mjomba akasema, "Vaidyar, sisi tumeridhika. Mengine watayapanga wanawake." Akasimama, akaaga kwa maneno machache mno kwa mtu wa aina yake, akashuka ngazi haraka kuliko nilivyotegemea, na gari likaondoka mlango mmoja bado haujafungwa sawasawa. Sikujali. Tumeridhika, amesema. Nilimkumbatia mama jikoni. Yeye hakunikumbatia, alikuwa anamtazama baba anavyopita kuelekea kisimani bila mwavuli, amejipinda, ameshika ukuta.

Alikaa huko muda mrefu. Mama akamfuata na mwavuli. Walirudi wote wamelowa, na baba akasema, "Hautoki."

Alijitibu mwenyewe, alijua la kufanya. Akakaa kwenye beseni la maji ya moto yaliyomfika kitovuni. Akanywa maji ya mbigili yaliyochemshwa. Mama akamkanda tumbo la chini kwa kitambaa cha mafuta ya mbarika, na tumbo hilo lilikuwa gumu kama nazi. Hautoki. Kulipokucha jirani alikuja na gari lake, tukampeleka hospitali ya mjini, na kila shimo la barabarani baba alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Daktari alikuwa kijana, mpole. Akamwekea mpira wa mkojo, na mkojo ukaja mwingi hadi muuguzi akabadilisha chombo.

"Mzee," daktari akauliza, "jana ulibanwa ukajizuia muda gani?"

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Baba kwa miaka arobaini alikuwa amewaambia watu kwamba anayemdanganya tabibu kuhusu mkojo wake anajichimbia kaburi.

"Sikujizuia," akasema. "Ni uzee tu, daktari."

Hakunitazama, hata kwa bahati mbaya.

Mpira ule ulitolewa, ukarudishwa, ukatolewa, ukarudishwa. Mwishowe ukabaki. Nilipoolewa na Dineshan baba alikaa mstari wa mbele, mfuko wa mkojo umefichwa ndani ya shuka, hakusimama hata mara moja hadi watu walipokwisha. Nalini alininong'oneza, "Leo bahari shwari," na safari hii sikucheka. Wagonjwa walipungua. Wengine waliuona mfuko, na nani anataka dawa ya mkojo kwa mtu anayebeba wake mkononi. Wachache waliobaki aliendelea kuwahesabia. Nilikwenda kumtembelea siku moja nikamsikia barazani na mwanamke mmoja aliyezuia machozi ya msiba hadi kifua kikaanza kumuuma. Upepo, choo, chafya, kiu, njaa. Nilisimama ndani ya mlango nikahesabu hadi mwisho. Yalikuwa kumi na mawili. Mkojo aliuruka.

Ningeweza kutoka siku ile nikamwangukia miguuni. Tulikuwa wawili tu baada ya mwanamke yule kuondoka. Nikamuuliza kama amekula.

Miezi kumi na minne baada ya ile posa figo zilichoka. Alikwenda akiwa na akili zake, akimwambia mama asisahau kuanika mizizi.

Siku tuliyomaliza msiba watu walikaa kwenye baraza ile ile, na Mjomba Karunan akakaa kwenye kiti kile kile. Alikuwa amelainika na uzee, alinipenda, alikuwa akiniita "binti yetu". Nikapita na trei ya chai. Akachukua kikombe, akatikisa kichwa, akaanza kucheka peke yake.

"Niwaambie kitu," akasema. "Marehemu atanisamehe. Siku ile ya posa nilikuwa nimebanwa hadi naona nyota. Tangu chai ya kwanza."

Watu wakageuka.

"Mimi nilikuja nikijua sifa zake. Nani asiyezijua? Moyoni nikasema, Karunan, vumilia, umefika kwenye nyumba pekee Malabar nzima ambapo mwenyeji mwenyewe atasimama na kusema anakwenda kukojoa, nawe utamfuata nyuma kwa heshima zako zote. Nikangoja. Nikaongea, nikaongea, nikasema kila nilichokijua cha nidhamu. Mzee hasimami. Nikasema labda wamemsingizia. Ilibidi tusimamishe gari pale kwenye kona ya mikorosho, na mimi mwalimu mkuu nikatumbukia vichakani mvua inaninyeshea."

Wakacheka. Ni cheko la mwisho wa msiba, linakuja lenyewe. Dineshan alicheka hadi akafuta macho. "Mjomba, hukutuambia hata siku moja."

"Ningemwambia nani? Lakini niwaambie kweli, nilikuwa namtaka mkwe wa namna ile. Nimeishi maisha yangu yote nimejifunga vifungo hadi shingoni. Nilitaka nimwone." Akainua uso kwangu, hana ubaya wowote. "Binti yetu, wewe ndiye uliyemjua. Hivi siku ile alijizuia kwa nini, yeye ambaye hakuwahi?"

Wote wakanitazama, wanatabasamu, wanangoja jibu la kuchekesha. Machozi yalikuwa yamefika hapa kooni. Nikayameza.

"Sijui, Mjomba," nikasema.

Nikakusanya vikombe nikaenda navyo jikoni. Mama alikuwa pale karibu na mlango, na kutoka pale kila neno la barazani linasikika. Akanipokea trei, akageukia maji, akaanza kuosha kikombe kimoja kimoja.